Sinema ya Marehemu Wote

Ukitaka kumjua Pankrasi Kihwele usimwulize habari zake. Atakuchekesha mpaka usahau ulichouliza. Mfuate tu asubuhi pale Majengo, nyuma ya wauza mitumba, kwenye banda lake la video, wakati ukungu wa Matogoro bado umelala juu ya mabati na mji wa Songea haujaamua kama utaamka au utageukia upande wa pili. Utamkuta amekaa benchi la mbele, peke yake, blanketi mabegani, anatazama luninga iliyozimwa. Mwulize anatazama nini. Atakujibu, "Picha." Hutajua kama anatania au hatanii, na hilo ndilo lililomponza mwaka ule ninaotaka kukusimulia.

Pankrasi ni Mhehe wa Iringa. Songea aliletwa na gari la sinema, enzi zile sinema ilipokuwa inakuja kwa gari. Gari linafika kijijini jua likishuka, shuka jeupe linatundikwa, jenereta linaanza kunguruma, na kijiji kizima, hata waliogombana asubuhi, wanakaa chini pamoja na kukodoa macho. Yeye ndiye aliyekuwa mwendesha mashine. Anasema mwenyewe kwamba miaka ile aliishi nusu usingizini. Mchana ni vumbi jekundu na migomba inayopita dirishani. Jioni ni nyuso kubwa kuliko milango, zinacheka juu ya shuka. Na kesho yake hajui tena kama yule mwanamke aliyemwona analia alikuwa wa Namtumbo au wa kwenye mkanda. Ilikuwa raha, wewe!

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa, redio zikawa nyingi, na gari la sinema likaharibika, likaachwa liote nyasi. Pankrasi akapunguzwa kazini. Wenzake walirudi makwao. Yeye akabaki, akatafuta deki na luninga na jenereta dogo, akafungua banda, akawa anawaonyesha vijana wa Majengo watu wanaoruka na kupigana mateke. Vijana walishangilia mpaka mabati yakatikisika. Yeye mwenyewe alikuwa anasinzia mlangoni.

Lakini tarehe mbili Novemba hakusinzia. Songea ni mji wa Wakatoliki, na siku hiyo ni ya Marehemu Wote: asubuhi misa, kisha watu wanakwenda makaburini kufyeka nyasi na kuwasha mishumaa. Pankrasi naye alikuwa na wafu wake. Jioni ya siku hiyo alizima mateke, akatundika shuka uani kati ya nguzo mbili, akatoa mashine ya zamani aliyoiokoa kwenye vyuma chakavu, na kuonyesha picha za kale kwa heshima ya waigizaji na waongozaji waliokwisha kufa. Kiingilio hakuna. Na kabla ya kuwasha mashine alisimama mbele ya shuka, akawatania hao marehemu mmoja mmoja kwa jina.

Usishangae. Wahehe na Wangoni ni watani tangu mababu zao walipopigana, wakachoka, wakaona bora wacheke, na kwenye msiba mtani ana kazi yake. Wenye msiba wanalia. Mtani anaingia amevaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anadai ugali kwa sauti ya marehemu, na wale waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka huku kamasi zinawatoka. Bila hilo, Mngoni wa kweli atakwambia msiba haujaisha, mtu amefukiwa tu.

Mwaka wa tisini na nne ghala moja la zamani karibu na soko liliuzwa, na mwenye mali mpya akatupa nje kila alichokikuta. Magunia, mizani mbovu, na ndani ya takataka hizo madebe bapa ya mikanda ya sinema. Akina mama wakayagombania. Debe la sinema, kama hujui, ni zuri mno kwa kuokea mikate. Pankrasi alifika kumeshakucha na kila kitu kimebebwa, akawa anapita nyumba hadi nyumba kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. "Mama, debe ni lako, sina neno. Nipe tu kilichokuwa ndani." Kwa mama mmoja jirani na mashine ya kusaga alikuta mkanda umetupwa chini ya mgomba, na kwenye kifuniko cha debe, chini ya unga, maandishi yaliyofifia: *Mzigo wa Kahawa*. Alikaa chini palepale kwenye tope, suruali na yote. Mwenye nyumba akadhani kaanguka.

Picha hiyo ilipigwa hapahapa, kwenye miteremko ya Matogoro, mwaka wa sabini na sita. Mwongozaji, Urban Kapinga, mtu wa Mbinga aliyekuwa na kofia ya majani na hasira za karibu, alitaka mtu wa kubeba gunia la kahawa mbele ya kamera. Waigizaji aliokuja nao kutoka Dar es Salaam walilibeba kama watu waliobeba mto wa kulalia. Ndipo akamwona Baltazar Mbano, kijana wa Msamala, akishusha mahindi kwenye mashine. Baltazar alikuwa na mwendo wake: mguu wa kulia aliutupa nje kidogo kila hatua, watu wakimtania kwamba anafukuza kuku njiani. Na alikuwa na sauti, nene, yenye mkwaruzo, inayotoka mbali, ukiisikia unadhani mtu ameamka sasa hivi na bado yumo ndotoni. Pankrasi ndiye aliyekuwa anaendesha jenereta la taa za kamera. Walilala chumba kimoja msimu ule wote, wakataniana kila siku mpaka usingizi unawachukua neno likiwa mdomoni.

Mama yake Baltazar, Bibi Notburga, hakuipenda sinema hata chembe. Mahindi yanasubiri palizi, na mwanawe anabeba gunia lilelile asubuhi mpaka jioni kwa sababu mtu mwenye kofia anasema "Rudia!" Picha ilipokamilika ikaja kuonyeshwa uwanjani, mji mzima ulikwenda, yeye hakwenda. Baltazar alimfuata nyumbani kumbembeleza. Akamfungia mlango. "Sina haja ya kumtazama mtu mzima akicheza," alisema kutoka ndani. Kijana alisimama pale nje kwa muda, kisha akaondoka. Hazikupita siku nyingi akadandia lori kwenda Dar es Salaam kutafuta sinema nyingine.

Hakuipata. Alibeba mizigo, safari hii ya kweli, na baada ya miaka michache homa ikamchukua. Ilikuwa miaka ile mibaya, mafuta ya gari hayapatikani hata kwa dawa. Rafiki zake wakamzika hukohuko. Habari ilifika Songea kwa mdomo wa dereva wa lori, kaburi likiwa limeshaota majani. Maiti hakuna, mtani hakuna.

Tangu siku hiyo Bibi Notburga hakuwahi kumwita mwanawe marehemu. Kila Novemba wenzake walipopeleka kanisani majina ya wafu wao wakaombewe, la Baltazar hakulipeleka. "Baltazar yuko Dar es Salaam," alisema, na ukibisha anakuondokea. Baadaye macho yakaanza kumfifia. Binti yake, Adela, akampeleka mpaka hospitali ya misheni kule Mbesa, madaktari wakamtazama sana, wakamwambia kwa upole kwamba nuru imeshakwenda. Akarudi Msamala, akawa anashinda barazani kwa Adela, uso ameuelekeza kule malori ya Njombe yanakotokea.

Siku moja mchana, baada ya habari za debe kuenea, Pankrasi alisikia fimbo ikigonga mlango wa banda lake. Bibi Notburga alikuwa amesimama pale, mkono mmoja begani kwa Adela.

"Mla mbwa, upo?" aliita, kama Wangoni wanavyowatania Wahehe.

"Shikamoo, Bibi. Nipo, na mbwa yuko jikoni anaiva."

"Marahaba. Nasikia unaye mwanangu."

Hapo, jamani, mtu mwenye akili timamu angemeza mate kwanza. Lakini Pankrasi ni mtani, na mtani akirushiwa neno hulirudisha kabla halijagusa chini.

"Ninaye, Bibi. Nimemfungia kwenye debe asitoroke tena. Jana kutwa ananisumbua, anataka likolo la mama yake. Mboga gani hiyo nisiyoijua kupika! Njoo tarehe mbili, atakuita mwenyewe."

Adela alicheka. Bibi Notburga hakucheka. Aliinua mkono, akautafuta uso wa Pankrasi, akaushika kidevuni.

"Ataniita?"

"Atakuita mpaka useme basi."

"Macho sina, lakini masikio yangu mazima," alisema mama yule, na sauti yake ikawa ndogo. "Nilimfungia mlango, Pankrasi. Nataka nimsikie mara moja tu, anisemeshe nikiwa nimemfungulia. Halafu jina lake nitalipeleka kanisani pamoja na ya wenzake. Nimechoka kungoja malori."

Akageuka, akaenda zake, fimbo inatangulia. Pankrasi alibaki mlangoni na kicheko kimemkauka mdomoni, lakini hakuogopa bado. Kwa nini aogope? Sauti si ipo ndani ya mkanda?

Akaukausha mkanda, akaupangusa kwa kitambaa, na mchana mmoja akaziba madirisha ya banda kwa magunia, akawasha mashine aujaribu. Mwanga ukatetemeka ukutani. Ukungu wa miaka kumi na minane iliyopita ukajaa banda lile, na kutoka ndani ya ukungu huo, mbali, akatokea mtu na gunia begani, anautupa mguu wake wa kulia. Pankrasi alisimama bila kujua kwamba amesimama. Baltazar akashuka mteremko, akaja karibu, karibu zaidi, kijana kuliko alivyomkumbuka, jasho kwenye nyusi, akatua gunia na kufungua mdomo.

Ikatoka sauti nyororo, iliyonyooka, ya mtu anayesoma taarifa ya habari.

Loo! Akakumbuka yote kwa mara moja. Urban Kapinga alikuwa amesema Kiswahili cha Baltazar kimejaa Kingoni, watu wa pwani hawatakielewa. Huko studio Dar es Salaam wakamwondolea sauti yake na kumpachika ya mwigizaji mwingine. Baltazar mwenyewe alipojiona uwanjani siku ile alicheka mpaka akalia. "Jamani," alisema, "nimepata mpangaji kooni!" Pankrasi alikuwepo, aliyasikia kwa masikio yake. Ila miaka yote baada ya hapo, kila alipoikumbuka picha ile, kichwani mwake ilikuwa ikisema kwa sauti ya rafiki yake, ile ya mkwaruzo, na yeye akaamini ndivyo ilivyo kwenye mkanda. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiishi, bwana yule, na ndoto zake zikamsaliti.

Alipiga moyo konde, akaenda Msamala siku hiyohiyo. Alimkuta Bibi Notburga barazani, amekunja miguu, anachambua ulezi kwa vidole.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja na neno zito."

"Marahaba. Mhehe na neno zito! Litue haraka, litakuvunja shingo."

"Ile sauti ya kwenye picha si ya Baltazar. Walimwekea ya mtu mwingine."

Mama akacheka. Akacheka mpaka kilemba kikamtoka, ulezi ukamwagika. "Adela! Adela, njoo umsikie mla mbwa! Eti mwanangu ameazima koo!"

"Bibi, mimi sitanii."

"Hutanii!" Machozi ya kicheko yalikuwa yanamtoka. "Na juzi uliposema umemfungia kwenye debe, ulikuwa hutanii vilevile?"

Pankrasi akaapa. Akaapa kwa kaburi la baba yake, na kila alivyoapa ndivyo mama alivyozidi kujishika mbavu, maana mtani kuapa ni utani mkubwa kuliko wote. Tazama balaa hilo! Utani wake bibi aliuamini, ukweli wake akauona utani. Na alikuwa na furaha, mama wa watu, furaha ambayo hapo barazani haikuonekana kwa miaka.

Akamfuata Adela nyuma ya nyumba. Adela alikuwa anatwanga. Alimtazama Pankrasi usoni mara moja tu, akauweka mchi chini, kwa kuwa yeye macho anayo na aliona kijasho chembamba.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli, dada yangu."

"Ulezi ule unajua ni wa nini? Wa togwa ya tarehe mbili. Ameialika jumuiya nzima ya kanisani. Kitenge amenifulisha mara mbili. Anaamka kabla ya jogoo, ananiuliza, 'Bado siku ngapi?' Mama yangu, Pankrasi! Huna adabu wewe, mdomo wako ungeshonwa!" Pankrasi akaona aibu. Adela akajifuta macho kwa kiganja, akafikiri. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sauti ya kaka si unaijua?"

"Naijua kuliko yangu."

"Basi izime ya kwenye mashine. Kaa nyuma ya shuka na maiki, useme wewe. Asijue."

"Nimdanganye?"

"Umeshamdanganya. Sasa danganya vizuri."

Akarudi Majengo, akajifungia bandani kufanya mazoezi. Alidhani itakuwa kazi. Haikuwa kazi. Alifungua mdomo tu na sauti ya Baltazar ikatoka, yote, na mkwaruzo wake, na ule usingizi wake, kana kwamba ilikuwa imekaa kooni mwake ikisubiri kuitwa. Ngozi ikamsisimka. Alitamka maneno ya kwenye picha, kisha akatamka mengine yasiyokuwemo, ya kile chumba walicholala, na akajikuta anajibu kwa sauti yake mwenyewe, na ile nyingine inajibu tena. Alipotoka nje jua lilikuwa limeshahama ukuta. Hakuwa na hakika amezungumza na nani. Siku zilizofuata alitembea Majengo kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa, hatanii mtu, na watu wakaulizana kama anaumwa.

Tarehe mbili ilifika na manyunyu ya asubuhi. Watu walifyeka makaburi, mishumaa ikawaka na kuzimika na kuwashwa tena. Jioni mbingu ikafunguka, na uani kwa Pankrasi pakanukia udongo mbichi na togwa. Jumuiya yote ya Msamala ilikuwepo, na watu wa Majengo, na walimu wageni waliosikia kwamba kuna jambo. Bibi Notburga aliwekwa benchi la mbele, kitenge chake kimenyooka, mikono magotini. Alikuwa ameketi kama bibi harusi. Kila aliyepita alimsalimia, naye akajibu kwa haraka haraka, "Marahaba, marahaba, kaa chini, usinizibe."

Pankrasi aliwasha mashine, akazima sauti ya mkanda, akapita pembeni na kuingia nyuma ya shuka na maiki mkononi. Safari hii hakumtania marehemu yeyote, hata Kapinga, ambaye kila mwaka alimwigiza akimwambia mvua "Rudia!" Watu wakaguna kidogo. Kisha ukungu ukajaa shuka na wote wakanyamaza.

Kwa upande ule wa nyuma picha inaonekana imegeuka. Pankrasi alimwona rafiki yake akitoka ukunguni anautupa mguu wa kushoto badala ya wa kulia, anashuka, anamjia yeye, siyo watu. Mwanga ulikuwa unapita ndani ya mwili wa Baltazar na kumwangukia Pankrasi kifuani. Akaja mpaka uso ukawa mkubwa mno, ukawa si uso tena, ukawa nuru na vivuli vinavyopumua. Mdomo ukafunguka. Pankrasi akainua maiki.

Hakusema.

Uani kimya. Mdomo wa Baltazar unacheza, hakuna neno. Mtu akakohoa. Halafu, upande wa pili wa shuka, akamsikia Bibi Notburga akiuliza taratibu, "Mbona hasemi?"

Pankrasi alifumba macho. Alijua anaweza. Sauti ilikuwa imeshapanda kooni, inamchoma. Lakini kumwita mfu gizani, umejificha, ili mama yake adhani yu hai, hiyo si kazi ya mtani. Hiyo ni kazi ya mchawi. Mtani huvaa koti la marehemu mbele ya watu, na kila mtu anajua koti ni la nani na aliyelivaa ni nani. Akaitupa maiki chini, akapita pembeni ya shuka, akasimama mbele ya watu, ndani ya mwanga, gunia la Baltazar likimpita usoni.

"Bibi Notburga," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Mwanao hasemi. Nilikwambia ukacheka, na kosa ni langu, mimi ndiye niliyeanza mzaha. Sauti yake waliiondoa, hawakuiweka popote. Haipo kwenye debe, haipo duniani. Mimi si Baltazar. Mimi ni mtani wako, Mhehe, mla mbwa. Alizikwa mbali, hakuna mtani aliyemsindikiza. Ukinikatalia nitazima mashine, twende nyumbani. Ukiniruhusu, nitamsemea."

Adela alijifunika uso kwa khanga. Uso wa mama yule haukuonyesha kitu. Macho yake yaliyokufa yalikuwa yanang'aa kwa nuru ya sinema asiyoiona. Kwenye shuka kijana alikuwa anafunga gunia kwa kamba, bila haraka, kama ana siku yote.

"Sema," alisema Bibi Notburga.

Pankrasi akageuka, akautupa mguu wa kulia, akatembea mbele ya shuka. Nyuma yake Baltazar naye alikuwa anatembea. Wawili wao, mmoja kijana wa nuru, mmoja mzee mwenye kitambi, wanafukuza kuku walewale. Mtu akacheka nyuma kabisa, akajiziba mdomo.

"Mama!" Ile sauti nene ya usingizini ikatoka, na wazee waliomjua Baltazar wakashika vichwa. "Mama, nimetoka mbali, na nyumba hii haina hata togwa?"

Bibi Notburga alishtuka mwili mzima. Midomo ikamcheza. "Togwa ipo," alisema polepole. "Wewe ndiye hukuwepo."

"Nilikuwa nabeba gunia. Kapinga anasema rudia, nami narudia. Mpaka leo narudia, Mama, nitazame!"

"Sioni, mwanangu."

"Anapanda mteremko, Bibi," mwanamke mmoja wa jumuiya akasema kutoka nyuma yake. "Gunia begani."

"Sasa amesimama," akadakia mwingine. "Anajifuta jasho. Anacheka na mtu."

"Na mguu?" aliuliza mama kwa pupa. "Bado anautupa?"

"Anautupa! Kuku wote wamekwisha!"

Mama akacheka. Kicheko kifupi, kama mtu aliyeguswa na maji ya baridi. Kisha akanyoosha mikono mbele, hewani, na kicheko kikamwacha.

"Baltazar. Nilikufungia mlango."

Jinsi Pankrasi alivyotamani kumwambia, usijali, Mama, nilikusamehe! Lakini msamaha haukuwa wake autoe, na mtani hafariji. Akajikaza kisabuni.

"Ulifunga," alisema kwa ile sauti. "Nami nikaenda kula kwa jirani. Na likolo lake, Mama, lilikuwa tamu kuliko lako!"

Uani pakalipuka. Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia, na Bibi Notburga alicheka kuliko wote, kichwa amekirusha nyuma, "Mwongo! Mwongo wewe, hujabadilika!", na katikati ya kicheko hicho sauti ikakatika, ikageuka, ikawa kilio. Kilio cha kweli, cha msibani, alichokuwa hajakilia siku ile dereva wa lori alipoleta habari wala siku yoyote baada yake. "Baltazar wangu! Marehemu mwanangu! Marehemu Baltazar wangu!" Adela alimkumbatia. Wanawake wa jumuiya wakapokea, kilio kikaenea uani kote, na waliokuwa wanacheka wakaendelea kucheka huku wanalia, na hakuna aliyeona haya. Pankrasi alisimama katikati yao, mikono chini, analia kwa sauti yake mwenyewe.

Hakuna aliyeiona picha ikiisha. Mkanda ulitoka kwenye mashine ukawa unapigapiga, tap, tap, na shuka likabaki jeupe tupu, linatikisika kidogo kwa upepo. Kilio kikapungua taratibu, kama mvua inavyohama. Bibi Notburga alijifuta uso kwa pembe ya kitenge, akavuta pumzi ndefu, akajiweka sawa.

"Adela," alisema, "niletee maji ninawe."

Adela hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, akaenda kuleta birika na beseni. Wangoni wakitoka makaburini kuzika hunawa mikono kabla ya kuingia nyumbani. Mama alinyoosha mikono yake, Adela akammwagia, naye akanawa polepole, vidole, viganja, mpaka kwenye viwiko. Watu wakasimama mmoja mmoja, wakajipanga nyuma yake bila kuambiwa.

Pankrasi alikuwa amerudi nyuma kwenye mashine yake, anajifanya anakunja mkanda. Mama aligeuza uso kuelekea kule alikosikia tap, tap ikikoma.

"Na wewe, mla mbwa," alisema, "njoo unawe. Tumeshamzika."